Je, Wajua? Picha ya kijivu huchapwa kwa masizi

Weusi wa wino wa pigmenti ndani ya printa ya picha ni kaboni, ndugu wa masizi ya sufuria. Wamisri wa kale waliandika kwa masizi juu ya mafunjo, na maandishi yao yanasomeka hadi leo.

Wino wa aina nyingine, wa dai (dye), huyeyuka kama sukari kwenye chai. Pigmenti haiyeyuki. Ni chembe zinazoelea, nyembamba kuliko unywele kwa mamia ya mara. Zikikaa muda mrefu hutuama, kama machicha.

Printa nyingi za picha hubeba weusi wa aina mbili. Ule wa karatasi isiyong'aa, ukiumwaga kwenye karatasi ya kung'aa, hutoka kwa kusugua kidole tu! Ule wa karatasi ya kung'aa nao, ukipelekwa kwenye isiyong'aa, hufifia kama majivu.

Ajabu kubwa ni kijivu. Kikichanganywa kwa samawati, waridi na njano, uso wa bibi pichani huweza kuonekana wa waridi chini ya taa na wa kijani dirishani. Ndiyo maana mwaka 2005 Epson ilitoa wino uitwao K3: K ni weusi, 3 ni ngazi zake. Mchapaji Jon Cone wa Vermont, Marekani, alikwenda mbali zaidi. Mfumo wake wa wino, Piezography, huweza kujaza katriji saba kwa weusi na vijivu vitupu. Rangi nyingine hazina nafasi humo.