Mita Kwanza, Kulehemu Baadaye
Wengi wanaoanza kujifunza elektroniki nyumbani hukimbilia kununua chuma cha kulehemu. Afadhali kutanguliza multimita, yaani mita ya kupimia umeme. Hupima volti za betri na kugundua waya uliokatikia ndani ya ganda lake, hitilafu ambayo macho hayaioni. Chuma cha kulehemu kikinunuliwa, wati 30 hadi 40 zinatosha. Chenye nguvu zaidi huunguza bodi haraka mikononi mwa mwanagenzi. Waya mwingi wa kulehemu una risasi, ambayo ni sumu: mikono ioshwe kabla ya kula, na dirisha liwe wazi. Bisibisi ndogo na koleo ya kukatia nyaya ziongezwe.

Mazoezi yaanze na betri, si umeme wa soketi wa volti 240. Runinga kuukuu isiguswe ndani: hata ikichomolewa, kapasita zake huweza kuhifadhi umeme hatari.