Asilimia 45 na Rekodi Nyingine za Mlimani

Jioni, wakati wa kungoja gari la kiwanda kwenye kituo cha kununulia chai karibu na Sosiot, Kericho, mazungumzo huanza na kilo na kuishia na katiba. Makapu yamepangwa foleni, karani hajafika, na kila mtu anajua nani alidai nini. Rekodi ni hizi. Hukumu ni yangu.

Dai kubwa kuliko yote. Katiba inazihakikishia kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Isaac Ruto, gavana wa kwanza wa Bomet na mwenyekiti wa kwanza wa Baraza la Magavana, alitaka 45. Kampeni yake ya 2014, Pesa Mashinani, ililenga kura ya maamuzi. Kura hiyo haikupigwa. Okoa Kenya ya upinzani nayo ikashika 45 hiyo hiyo, ikafia mezani kwa tume ya uchaguzi, IEBC, Machi 2016: saini halali 891,598, na sheria inataka milioni moja.

Kizingiti kirefu zaidi. Saini milioni moja zikitimia, ni lazima mabunge ya kaunti 24 kati ya 47 yakubali ndani ya miezi mitatu. Punguza Mizigo ya Ekuru Aukot ilipata saini mwaka 2019, ikaangukia kwa madiwani. BBI, jaribio lililofuata la kubadili katiba, iliwapita madiwani kwa mbio Februari 2021, ikaangukia mahakamani. Na bado tuna nafuu: Marekani, majimbo 34 yakiomba, Congress lazima iitishe kongamano la katiba. Waliotaka bajeti isiyo na nakisi walifika 32 mwaka 1983, wakakwama hapo. Kwa njia hiyo halijawahi kuitishwa hata moja.

Mkutano uliogharimu zaidi. Kapkatet, Septemba 1991. Vigogo wa KANU, chama tawala, walidai utawala wa majimbo jukwaani, na maana yake kwa jirani "mgeni" ilieleweka bila mkalimani. Mwezi uliofuata nyumba zilikuwa zinachomwa Meteitei, kule Nandi. Ndiyo maana hapa neno majimbo hutamkwa kwa sauti ya chini. Watu wamehamia ugatuzi.

Mgeuko mkubwa. Daniel arap Moi alikuwa rais wa bunge la jimbo la Bonde la Ufa chini ya katiba ya majimbo ya 1963. Chama chake, KADU, kilijivunja Novemba 1964, na Moi huyo huyo baadaye akaiongoza Kenya kwa miaka 24 huku kila uzi ukivutiwa Ikulu.

Seneta aliyekosekana kikaoni. Tarehe 17 Agosti 2020, Seneti ikijiandaa kupigia kura mfumo wa kugawa fedha, Christopher Langat wa Bomet alikamatwa na polisi pamoja na wenzake wa Kakamega na Samburu. Wote watatu waliupinga mfumo huo. Mwezi mmoja baadaye muafaka ukapatikana, pamoja na ahadi ya shilingi bilioni 370 kwa kaunti.

Kinaya kikubwa kuliko vyote. Tarehe 4 Agosti 2010, katiba iliyoleta ugavana, mabunge ya kaunti na hiyo asilimia 15 ilipopigiwa kura, Kericho na Bomet zilisema Hapana kwa wingi mkubwa. Rangi ya Hapana ilikuwa nyekundu. Nimeulizia pale kituoni mara kadhaa. Bado sijampata aliyeipigia nyekundu.