Oili ya Gari la Tabo Haichaguliwi kwa Bei

Leo naomba tuzungumze habari ya oili ya injini. Najua wapo watakaosema kwamba mwandishi huyu ameishiwa, ameacha habari za mbolea na karo za shule na sasa anatupeleka gereji. Nivumilieni kidogo. Mtaona kwamba hata karo ya shule imo ndani ya habari hii.

Mpwa wangu ana Subaru Impreza yenye tabochaja, kile chombo ambacho mafundi wetu kwa mkato hukiita tabo, na wenye magari wengi wamekuja kukiita tabu. Ni gari la mtumba kutoka Japani, alilolinunua kwa mkopo wa chama cha kuweka na kukopa. Mdhamini wa mkopo huo ni mimi. Siku alipokuja kuniuliza, "Mjomba, niweke oili gani?", nilimjibu bila kufikiri: tafuta ya bei nafuu, iwe nzito, maana nzito ndiyo inayolinda injini. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifanya kwa Peugeot 504 yangu ya zamani, na ilinifikisha nilikotaka.

Mpwa wangu ni mtoto mtiifu. Alifuata ushauri. Mwaka haukwisha, akarudi kutoka Iringa gari likitoa moshi wa buluu nyuma na mluzi mkali mbele. Fundi alifungua, akatuonyesha bomba jembamba la kupeleka oili kwenye tabo. Ndani yake mlikuwa na masizi meusi, magumu, kama yale ya chini ya sufuria ya kuni. Gharama ya tabo nyingine ilikuwa sawa na karo ya mwanawe ya mwaka mzima. Nusu nililipa mimi, na nilistahili kulipa.

Tangu siku hiyo nimekaa na mafundi, nikasoma vitabu, na haya ndiyo niliyojifunza.

Tabo ni kama pangaboi mbili zilizofungwa kwenye ufito mmoja. Moja inasukumwa na moshi unaotoka kwenye injini. Nyingine, kwa kuzungushwa na ufito huo huo, inashindilia hewa kuingia kwenye injini. Hewa ikizidi, petroli nyingi zaidi inaweza kuchomwa, na nguvu inaongezeka. Ndiyo maana Impreza zile kali za aina ya STI, zenye injini ya lita 2 tu, zilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikubaliana wasikipite katika matangazo yao hadi mwaka 2004. Injini ya ukubwa huo huo isiyo na tabo hutoa karibu nusu ya nguvu hizo. Ni gari la ukoo huo ambalo Colin McRae alishinda nalo Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000.

Lakini nguvu haiji bure. Ufito ule huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo chuma hakiwezi kugusana na chuma. Ufito unaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Na upande mmoja wa tabo unapigwa na moshi wenye joto linaloweza kupita nyuzi 800 za Selsiasi. Kwa hiyo oili hapo ina kazi mbili: kulainisha na kubeba joto. Oili dhaifu ikikutana na joto hilo huungua na kuacha masizi, masizi yakaziba bomba, tabo ikakosa oili, na habari yake ikaishia hapo.

Sasa, tuchagueje? Tazameni namba zilizoandikwa kwenye galoni. Tuseme 5W-40. Namba ya kwanza, yenye herufi W, inaeleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi; kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo oili inavyowahi kufika juu mnapowasha gari asubuhi. Namba ya pili inaeleza uzito wake injini ikishapata moto. Hapo ndipo nilipokosea mimi. Nilidhani uzito ndio ubora. Oili ya 20W-50 iliyotokana na mafuta ya kawaida ya ardhini inaweza kuwa nzito kweli, na bado ikaungua upesi kuliko 5W-40 ya sintetiki, yaani iliyotengenezwa kitaalamu ili istahimili joto. Kwa gari la tabo lenye nguvu nyingi, sintetiki si anasa.

Baada ya namba, tafuteni herufi za API, Taasisi ya Petroli ya Marekani. Injini za petroli zina herufi S, za dizeli C. Herufi inayofuata S huonyesha oili ni ya kizazi kipi. SF ni ya magari ya miaka ya 1980, na bado mtaikuta madukani kwa bei ya kuvutia. SN ilikuja mwaka 2010, na SP mwaka 2020. Hii SP ina faida ya pekee kwa magari mapya yenye injini ndogo za tabo, kwa sababu imetengenezwa ili kupunguza ule ugonjwa wa mchanganyiko wa petroli na hewa kuwaka kabla ya wakati wake, jambo linaloweza kuvunja pistoni.

Je, ni 30 au 40? Jibu limo kwenye kitabu cha gari. Kama kitabu ni cha Kijapani, namba hazina lugha, zitafuteni tu. Subaru nyingi za aina hii hutajiwa 5W-30, na vitabu vingi huruhusu oili nzito zaidi kwa nchi za joto na safari za mizigo. Kwa jua la Dar es Salaam na milima yetu, mafundi niliowauliza walielekea kwenye 5W-40. Mpwa wangu sasa anatumia hiyo.

Hata hivyo, oili nzuri haimwokoi dereva mbaya. Kijana wetu alikuwa akiupanda mlima Kitonga kwa mbio, akifika Ilula anasimama kununua nyanya na vitunguu, na hapo hapo anazima gari. Injini ikizimwa, pampu ya oili nayo inasimama, na oili iliyobaki ndani ya tabo inapikwa kama chai iliyosahauliwa jikoni. Baada ya mwendo mkali, endesheni taratibu kilometa chache za mwisho, au acheni injini iunguruma dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Asubuhi nako msiikanyage kabla haijapata moto.

Pimeni oili kwa kijiti kila wiki, maana injini za tabo zinaweza kuila, na lita moja ikipungua katika lita nne na kitu si jambo dogo. Badilisheni pamoja na filta, na msingoje hadi iwe kama lami. Mwisho, nunueni kwenye duka mnaloliamini, na galoni tupu itoboeni kabla ya kuitupa. Wapo wanaoziokota, wakazijaza oili chafu iliyochujwa, wakazifunga upya, na kuturudishia wenyewe.

Oili ya sintetiki iligharimu karibu mara tatu ya ile niliyomshauri mpwa wangu. Siku ile niliona nimemsaidia kuokoa fedha. Rahisi, walisema wazee wetu, ni ghali. Mkopo bado tunaulipa, na mtoto, nashukuru, yuko shuleni.

Hadi wiki ijayo, nawatakia safari njema.