Mafunzo ya moto kazini hayatoshi pasipo mazoezi

WAHENGA walinena kuwa ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Msemo huu unawahusu waajiri wanaoridhika kuwa wafanyakazi wao wamehudhuria warsha ya kujikinga na moto na kupewa vyeti, ilhali hakuna hata mmoja aliyewahi kushika mtungi wa kuzima moto.

Kanuni za Kupunguza Hatari za Moto za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri nchini Kenya kuwafunza wafanyakazi kutumia vifaa vya kuzima moto. Aidha, sharti aandae mazoezi ya dharura angalau mara moja kila miezi 12 na kuyawekea kumbukumbu.

Mambo haya mawili hayawezi kutenganishwa. Darasani, mfanyakazi huelezwa achomoe pini, aelekeze mpira kwenye kitako cha moto wala si kwenye ndimi zake, kisha abinye kishikio. Ni maelezo mepesi. Hata hivyo, dawa iliyo katika mtungi mdogo huisha kwa sekunde chache tu. Anayeanza kuitafuta pini moshi ukiwa umetanda huwa amechelewa.

Vivyo hivyo, mtu aliyeshikwa na hofu hukimbilia mlango aliouzoea, au lifti, ambayo haifai kutumiwa wakati wa moto. Aliyezoea kushuka ngazi za dharura hahitaji kuelekezwa.

Isitoshe, mazoezi hufichua kasoro zisizoonekana darasani: mlango wa dharura uliotiwa kufuli, ngazi iliyozibwa na makasha, au king'ora kisichosikika hadi jikoni.

Umuhimu wa mazoezi ulidhihirika jijini New York, Marekani, mnamo Septemba 11, 2001. Rick Rescorla, mkuu wa usalama wa kampuni ya Morgan Stanley katika majumba ya World Trade Center, alikuwa kwa miaka kadhaa amewashurutisha wafanyakazi, wakiwemo wakubwa, kushuka ngazi kwa mazoezi. Jumba jirani liliposhambuliwa, aliwaamuru waondoke mara moja. Karibu wote, takriban watu 2,700, walinusurika. Rescorla mwenyewe alirudi juu kuwatafuta waliosalia, akafia humo.

Zoezi hugharimu muda mfupi wa kazi. La msingi ni kuwahesabu watu wakishatoka, kupima muda waliotumia na kurekebisha kasoro zilizoonekana kabla ya moto wenyewe kuzuka.