Zuio la Kontrakta Halina Siku Tisini

Swali limenifikia tena, safari hii kutoka kwa Mkenya aliye Texas anayejenga Kitengela: "Wakili, kontrakta ameweka zuio kwenye hati yangu, eti ananidai pesa. Siku tisini zikipita si litajifuta?"

Halitajifuta. Nimelijibu swali hili mara nyingi mno, na kila anayeuliza huwa na uhakika wa hizo tisini kana kwamba amezisoma kwenye gazeti rasmi la serikali.

Zimetoka California. Sheria ya huko humruhusu mjenzi asiyelipwa kusajili dai juu ya nyumba yenyewe, lakini humtaka afungue kesi ndani ya siku 90 tangu alipolisajili, la sivyo dai lake linakosa nguvu. Majimbo mengine ya Marekani yana muda wake. Mtu hutazama video ya wakili wa Los Angeles, kisha huketi kungojea sheria hiyo ivuke bahari hadi masjala ya ardhi ya Kajiado.

Kenya hatuna sheria ya namna hiyo. Tulichonacho ni zuio la kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Likishaandikwa kwenye rejista, hukaa hapo mpaka liondolewe na aliyeliweka, Msajili wa Ardhi au mahakama. Kalenda haina mamlaka hayo. Wanaongoja huyajua haya siku mnunuzi amefika na hela mkononi, au benki imekataa kuipokea hati kama dhamana ya mkopo, na hapo hunipigia simu wakitaka zuio liwe limeondoka kufikia Ijumaa.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wengi wao hungojea kitu ambacho hakikustahili kuwekwa tangu mwanzo. Kifungu hicho kinataka mwenye kuweka zuio awe, kwa mfano, anadai haki juu ya ardhi, haki ambayo yenyewe inaweza kusajiliwa: mnunuzi aliyekwisha kulipa sehemu ya bei, mpangaji wa mkataba wa miaka mingi. Kontrakta anayedai malipo ya slabu anadai pesa. Pesa hizo huenda ni haki yake kabisa, lakini hazimpi kipande cha kiwanja, hata awe ndiye aliyeinua ghorofa zote tatu. Isipokuwa kama mkataba wenu uliiweka nyumba rehani kwake. Kwa hiyo soma ulichotia sahihi kabla ya kuja kwangu na hasira.

Wapo pia wanaoapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba hawadaiwi hata senti, wakaituma karatasi hiyo masjala na kutulia. Kiapo ni ushahidi tu, hakifuti kitu. Na yule broka wa nje ya masjala anayejua "njia ya mkato" atakuachia kesi ya pili.

Fanya hivi. Pata nakala rasmi ya yaliyomo kwenye rejista, uone ni nani aliyeweka zuio, lini, na kwa madai gani. Mwandikie aliondoe. Akikataa au akinyamaza, mwombe Msajili atumie kifungu cha 73: atampa ilani, na muda ulioandikwa humo ukipita bila pingamizi anaweza kuliondoa; pingamizi likija, mtaitwa nyote kusikizwa. Kama mauzo hayawezi kungoja, nenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ikiwa umepata hasara na zuio liliwekwa kimakosa, bila sababu ya maana, kifungu cha 75 kinakuruhusu kudai fidia; hifadhi barua ya mnunuzi aliyejitoa iwe ushahidi. Ukiwa ng'ambo, mpe mtu unayemwamini mamlaka ya uwakili, tena yaliyosajiliwa.

Deni lenyewe lina mlango wake. Lisipozidi shilingi milioni 1, kontrakta anaweza kulipeleka Mahakama ya Madai Madogo. Kama kweli anakudai, mlipe kupitia mawakili, na fomu ya kuondoa zuio iwe imetiwa sahihi na kukabidhiwa kabla pesa hazijatoka. Zuio likishaondolewa, agiza nakala nyingine ya rejista. Akirudi na zuio jingine kwa jambo lilelile, kifungu cha 74 kinampa Msajili uwezo wa kulikataa.