Matengenezo ya Kanisa hayakuzaliwa na talaka ya mfalme

Matengenezo ya Kanisa yalianza Wittenberg, Ujerumani, tarehe 31 Oktoba 1517, Martin Luther alipotoa hoja 95 kupinga biashara ya vyeti vya rehema. Hata hivyo, mtaani Majengo, Moshi, ambako Walutheri, Wakatoliki na Waislamu wanaishi ukuta kwa ukuta, ubishi wa dini haumaliziki bila mtu kuuliza: si kweli kwamba Uprotestanti ulianzishwa na mfalme wa Uingereza aliyetaka kumwacha mkewe? Wengine huongeza kwamba Walutheri na Wapuritani ni wamoja. Madai yote mawili ni ya uongo, na yamevumiliwa kupita kiasi.

Tarehe peke yake zinatosha kuliangusha la kwanza. Henry VIII aliomba ndoa yake na Catherine wa Aragon ibatilishwe mwaka 1527. Kufikia hapo hoja za Luther zilikuwa na miaka kumi, yeye mwenyewe alikwisha kutengwa na Kanisa la Roma, na Agano Jipya alilolitafsiri kwa Kijerumani lilikuwa likisomwa tangu 1522. Tena Henry alikuwa adui yake: mwaka 1521 aliandika kitabu cha kutetea sakramenti saba dhidi ya Luther, na Papa Leo X akamzawadia cheo cha Mtetezi wa Imani.

Kisa cha Robert Barnes kinamaliza ubishi. Mwingereza huyu aliishi Wittenberg na kumfahamu Luther vizuri. Mwaka 1531, Henry akiwa anatafuta wa kumuunga mkono, Barnes ndiye aliyepeleka majibu ya Luther kwa mfalme, na Luther aliikataa talaka hiyo waziwazi. Miaka mitatu baadaye Henry alijitangaza mkuu wa Kanisa la Uingereza, akashika mamlaka ya Papa, kisha akatwaa mali za nyumba za watawa. Mafundisho hakuyageuza sana. Sheria yake ya mwaka 1539 iliwakataza mapadre kuoa na kutishia kifo kwa anayekana kwamba mkate wa misa hugeuka kuwa mwili wa Kristo. Tarehe 30 Julai 1540, Smithfield, London, Barnes na wenzake wawili walichomwa moto kwa imani ya kiprotestanti; siku hiyohiyo, mahali hapohapo, Wakatoliki watatu waliuawa kwa kumtii Papa. Mfalme wa namna hii hawezi kuitwa baba wa Uprotestanti. Talaka yake inaeleza jinsi Uingereza ilivyoachana na Roma. Zaidi ya hapo haielezi kitu.

Wapuritani walikuja baadaye. Walijitokeza Uingereza katika miaka ya 1560, chini ya Malkia Elizabeth I, wengi wao wakiwa wamerudi kutoka uhamishoni Geneva na Zürich. Kwao, Kanisa la Uingereza lilikuwa limetengenezwa nusu. Mwaka 1603 walimpelekea Mfalme James I ombi lililotaja mambo ya kuondolewa au kulegezwa: kanzu nyeupe ya kasisi, ishara ya msalaba wakati wa ubatizo, pete ya ndoa, kipaimara. Wachache walijitenga kabisa, na baadhi yao wakavuka bahari kwenda Marekani mwaka 1620 kwa meli ya Mayflower. Waliobaki walipigana na mfalme aliyemfuata James, wakatawala kwa muda, kisha mwaka 1662 wachungaji wapatao 2,000 wakapoteza nafasi zao.

Sasa orodha hiyo ipelekwe kwenye ibada ya Kilutheri Kilimanjaro. Mchungaji amevaa kanzu na stola, mtoto anabatizwa kwa ishara ya msalaba, maharusi wanavishana pete, na kipaimara kinakusanya ukoo mzima. Luther aliyabakiza yale ambayo Injili haiyakatazi. Mpuritani angetoka nje kabla ya wimbo wa pili.

Historia ya mlimani inasema hivyohivyo. Wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS waliingia Moshi mwaka 1885 na kuondoka 1892. Mwaka 1893 Misheni ya Leipzig ilianza kazi Machame, ikitoka katika mji ambako Luther alijadiliana na mwanateolojia Mkatoliki Johann Eck mwaka 1519. Kazi hiyo ndiyo iliyolea makanisa ya Kilutheri ya Kaskazini yaliyoingia Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) mwaka 1963. Hakuna Mpuritani katika mnyororo huo.

Anayetaka uhakika ana njia fupi. Kwa Ulutheri, asome Katekisimo Ndogo ya 1529. Kwa Uanglikana, aanze na Kitabu cha Sala. Kwa urithi wa Wapuritani, awatazame Wabaptisti na makanisa ya Kikongrigesheni. Na kwa lolote kati ya hayo, aulize kwanza mwaka, kisha nchi, kisha fundisho lililogombewa. Swali la ndoa ya Henry VIII ni la historia ya Uingereza, na halina nafasi katika asili ya Walutheri wa Moshi.