Nasturtium officinale

Nasturtium officinale ni mmea wa majini wa kudumu katika familia ya Brassicaceae, pamoja na kabichi, sukumawiki na haradali. Asili yake ni Ulaya na Asia, lakini umeenea sehemu nyingi za dunia, zikiwemo kingo za vijito katika nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Majani yake huliwa kama mboga na hutumika pia kama dawa ya asili.

Maelezo

Mmea huu hukua katika maji yasiyo na kina kirefu yanayotiririka polepole. Mashina yana uwazi ndani, kwa hiyo huelea. Maua ni madogo na meupe, yenye petali nne. Majani ni makali kama haradali. Ukali huo hutokea jani linapokatwa au kutafunwa: kimeng'enya kilichomo huvunja glukosinolati na kutoa isothiosianati. Jina officinale lilipewa mimea iliyotumika kama dawa. Nchini Uingereza kilimo chake cha biashara kilianzishwa na William Bradbery mwaka 1808, katika mkoa wa Kent.

Matumizi ya tiba

Gramu 100 za majani mabichi zina takriban miligramu 43 za vitamini C. Ndiyo sababu zamani yalitumika kuzuia kiseyeye. Katika tiba ya asili ya Ulaya hutumika pia kupunguza kikohozi na makohozi na kuongeza mkojo.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watu wazima 60 wenye afya walikula gramu 85 za majani mabichi kila siku kwa wiki 8, na uharibifu wa DNA katika seli nyeupe za damu yao ulipungua. Matokeo hayo hayathibitishi kwamba mmea huu unazuia au kutibu saratani. Mgonjwa hapaswi kuacha dawa za hospitali kwa ajili yake.

Usalama

Hatari kubwa hutoka kwenye maji, si kwenye jani lenyewe. Ng'ombe na kondoo wenye minyoo bapa ya ini, Fasciola hepatica na Fasciola gigantica, hutoa mayai kwenye kinyesi. Mayai yakifika majini huanguliwa, na lava huingia katika konokono, kama ilivyo kwa kichocho. Tofauti ni kwamba vimelea vya kichocho hupenya ngozi, lakini hawa hujifunga katika vifuko vidogo juu ya mimea na kusubiri kuliwa.

Mtu akila majani hayo mabichi, minyoo hutoboa utumbo, hupita katika ini na kukaa kwenye mirija ya nyongo. Dalili ni homa, kichefuchefu na maumivu ya tumbo upande wa kulia. Ugonjwa hutibiwa kwa triklabendazoli.

Kuosha hakuondoi vifuko vyote. Kupika vizuri huviua. Kwa hiyo majani yaliyochumwa karibu na malisho yasiliwe mabichi. Mmea hufyonza pia metali nzito kutoka maji machafu, na hizo haziondolewi kwa kupika.

Majani yana vitamini K nyingi. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi anachokula bila kumweleza daktari. Wajawazito na wenye vidonda vya tumbo hushauriwa wasiutumie kwa wingi kama dawa.